Masikio ya Malkia na kizazi chake: mume wangu anauliza tofauti iko wapi

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Arusha na mume wangu. Mwezi uliopita nyumba ya jirani ilivunjwa usiku, nasi tukaamua kununua mbwa wa ulinzi. Tulipata mtoto wa Doberman, jike, ambaye sasa ana wiki 9. Watoto wamempa jina Malkia. Mkia wake aliyetuuzia alikuwa ameshaukata, ila masikio yako vilevile alivyozaliwa nayo, yamelala.

Mdogo wa mume wangu ndiye mjuzi wa mbwa katika ukoo. Shemeji anasema Doberman mwenye masikio ya kulala hamtishi mtu, tena yataoza kwa usaha kwa sababu hayapati hewa. Ametutafutia kijana anayekata masikio majumbani kwa shilingi 80,000. Nilipouliza kama ni daktari, nikajibiwa kwamba amewahi kuuza katika duka la dawa za mifugo na ana mkono mwepesi. Anakuja na sindano ya kumlegeza mbwa, mkasi na uzi, kazi inaisha chini ya saa moja. Wamepanga aje Jumamosi ya wiki ijayo, kwa maelezo kwamba Malkia akikua zaidi masikio hayatasimama tena.

Nilikataa. Nilimwambia mume wangu kwamba siwezi kukubali mnyama akatwe kwa ajili ya sura. Ndipo akanigeuzia: mbona wewe umeshaulizia kliniki kumtoa kizazi akifika miezi 6? Ni kweli niliulizia. Sitaki madume ya mtaa mzima yalale getini kwetu, sitaki watoto wa mbwa wa kugawa barabarani, na niliambiwa ataepuka saratani ya matiti. Mume wangu akasema masikio ni ngozi na gegedu tu, lakini huko kwingine mbwa anafunguliwa tumbo na kutolewa viungo vizima. "Kama kukata ni ukatili, basi ukatili mkubwa ni wako." Nilikosa jibu, na mpaka leo sina.

Mama mkwe naye ana lake. Anasema jike lazima azae japo mara moja ndipo mwili wake utulie. Shemeji ameshapata watu wanaotaka watoto wa Malkia.

Sasa mume wangu amekuja na suluhu: moja kwake, moja kwangu. Yeye apate masikio, mimi nipate kizazi, amani irudi. Sitaki ugomvi kwa ajili ya mbwa, lakini kila nikimtazama Malkia nahisi kuna kitu hakiko sawa, hata kwa upande wangu mwenyewe. Naomba unisaidie kufikiri.

Njia Panda, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mume wako amekuuliza swali zuri, nami nakusifu kwa kutolikimbia. Wengi wetu tuna upasuaji tunaouita matunzo na mwingine tunaouita ukatili, na mara nyingi hatujawahi kukaa chini tukajiuliza mpaka tuliuchora wapi.

Nikiielewa barua yako, mna maamuzi mawili tofauti yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni masikio, nalo limepewa tarehe. La pili ni kizazi, ambalo bado lina miezi mingi mbele yake. Juu yake kuna hofu ya wezi, ambayo ni ya kweli na haina kosa lolote, na kuna wakwe wenye mipango yao. Ningeanza kwa kuifungua hiyo kamba.

Mume wako anapima ukubwa wa kidonda, na kwa kipimo hicho anashinda: kufungua tumbo ni kazi kubwa kuliko kukata sikio. Lakini jaribu kupima kwa maswali mengine. Mbwa huyu, kwa mwili wake mwenyewe, anapata nini? Anabeba maumivu gani, kwa muda gani? Na je, kuna njia ya kufikia lengo lilelile bila kisu? Ulaya walikutana na mjadala huuhuu, na mkataba wao wa kulinda wanyama wa kufugwa nyumbani, uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1987, ulikataza kukata masikio, kukata mkia na kuondoa sauti ya mbwa, ila ukaruhusu upasuaji wa sababu za kitabibu na ule wa kuzuia uzazi. Uingereza na Wales ukataji wa masikio ni kosa kisheria. Ujerumani, alikotoka Doberman mwenyewe (Louis Dobermann aliwazalisha katika mji wa Apolda karne ya 19), masikio yamepigwa marufuku kukatwa tangu 1987 na mkia tangu 1998. Marekani bado inaruhusiwa, ingawa chama kikuu cha madaktari wa mifugo huko kinapinga ukataji unaofanywa kwa ajili ya sura tu. Simaanishi kwamba Arusha ifuate Strasbourg. Naonyesha tu kwamba watu waliolitafakari jambo hili kwa muda mrefu waliona tofauti ileile uliyoihisi wewe ukakosa maneno yake.

Hata hivyo usiegemee hapo ukastarehe, maana kizazi nacho kina maswali yake. Nitayafikia.

Kwanza masikio. Yanapokatwa na daktari, mbwa huwekwa nusukaputi, masikio yote mawili hupimwa na kuwekewa alama ili yalingane, ukingo wa nje hukatwa, na kidonda hushonwa kwa urefu wake wote. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Watu wengi hudhani kazi imeishia hapo, kumbe ndiyo inaanza. Sikio la Doberman halisimami kwa kukatwa peke yake. Hufungwa kwa plasta juu ya kitu cha kulishikilia, na plasta hiyo hubadilishwa takriban kila wiki kwa miezi kadhaa, mpaka gegedu likaze. Plasta ikilowa, na Arusha ya masika mnaijua, ngozi ya ndani huvunda. Ikikazwa mno, damu haifiki nchani na ncha hufa. Kovu likijikunja upande mmoja, sikio hupinda, na mbwa hubaki na moja lililosimama na moja lililolala. Haya huwapata hata waliokatiwa mahali pazuri.

Halafu tazama umri wake. Mtoto wa mbwa hujifunza kuuzoea ulimwengu kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14: watu, sauti, magari, mikono ya watoto kichwani. Malkia yumo katikati ya dirisha hilo. Mkimfunga plasta sasa, wiki zilizobaki atazipitisha akijifunza kwamba mkono unaokuja kichwani unaleta maumivu. Kwa nyumba yenye watoto wawili, na kwa mbwa atakayekuwa na kilo 30 na zaidi, hilo ningetaka mume wako alipime kama suala la usalama. Zaidi ya hapo, chanjo zake hazijakamilika katika umri huu, na kumpeleka mbele na nyuma penye mbwa wagonjwa huku akiwa na kidonda ni kumkaribisha parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa.

Hoja za shemeji usizidharau, zipime. Masikio kuoza: maambukizi huanza ndani ya mfereji wa sikio, ambao kwa mbwa hushuka chini kisha hukata kona kuelekea ndani. Kukata jani la nje hakubadilishi umbo la mfereji huo, na Doberman si katika aina zinazosumbuliwa sana na masikio. Inatosha kulifunua sikio mara moja kwa wiki, ukalinusa na kulitazama. Harufu kali, nta nyeusi au kutikisa kichwa mara kwa mara ni dalili ya kumwona daktari. Kuna jambo hapa ambalo wafugaji wa huku wanalijua: nzi wanaouma hupenda sana ncha za masikio yaliyosimama. Tazama German Shepherd wanaofungwa nje, ncha zao mara nyingi zina magamba ya damu kavu. Kusimama kwa sikio si kinga ya kila kitu.

Kutisha wezi ni hoja yenye uzito zaidi, kwa sababu ndiyo iliyowafanya mmnunue. Lakini mwizi wa usiku humsikia mbwa kabla ya kumwona. Kinachomzuia ni mbweko wa kina unaotoka upande wa ndani wa ukuta, mbwa aliye huru kuzunguka uwanja badala ya kufungwa mnyororo, na taa inayowaka. Mwambie mume wako kwamba unataka nyumba ilindwe kama anavyotaka yeye. Huenda katika kubishana juu ya masikio hilo halijasemwa hata mara moja.

Kuhusu kijana wa Jumamosi sitazunguka, kwa sababu hapa mbwa anaweza kufa. Sindano ya kulegeza inayotumiwa na watu wa namna hii mara nyingi ni zailazini peke yake. Mbwa hulala, hakurupuki, na anayetazama hudhani hasikii kitu. Dawa hiyo hupunguza maumivu kidogo tu na kwa muda mfupi. Haitoshi kumkata mbwa masikio yote mawili na kuyashona. Pia hushusha mapigo ya moyo na kumtapisha mbwa, na anayetapika akiwa amelegea anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Mtoto wa wiki 9 hupoteza joto haraka, na akishindishwa njaa usiku kucha kama mbwa mkubwa, sukari yake ya damu hushuka. Nani atapima hayo sebuleni kwenu?

Na Doberman ana lake la kurithi. Wengi wao hubeba kasoro ya damu iitwayo ugonjwa wa von Willebrand, ambapo damu hukawia kuganda. Mbwa huonekana mzima kabisa mpaka siku ya kukatwa. Sikio lina mishipa mingi ya damu, na nyumbani hakuna damu ya kumwongezea. Kutovuja damu alipokatwa mkia akiwa na siku chache si uthibitisho kwamba yuko salama. Kipimo cha awali ni rahisi: daktari hukata mkato mdogo sana ndani ya mdomo wa juu na kuhesabu muda mpaka damu isimame, kwa kawaida ndani ya dakika 4 hivi. Kipo pia kipimo cha damu cha maabara. Hiki ningekifanya kabla ya kisu chochote, kiwe cha masikio au cha kizazi.

Kama mume wako atashikilia masikio, basi angalau mjadala uhame kutoka kwa kijana kwenda kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mume wako ana haki ya kuuliza namba ya usajili, dawa ya usingizi itakayotumika, na dawa ya maumivu ya siku zinazofuata. Asishangae akikataliwa, maana madaktari kadhaa hukataa kazi hiyo kwa sababu za dhamiri. Ajue pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa. Na kwa vyovyote vile, asimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu. Hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Sasa upande wako, mwanangu. Sababu zako ni nzuri, lakini hebu tuzifunue moja moja kama tulivyozifunua za shemeji. Madume getini na watoto wa kugawa ni usumbufu wako wewe kwanza. Hakuna aibu katika hilo. Mwenye mbwa anawajibika kwa watoto atakaowaleta duniani, na mbwa wa barabarani wasio na chanjo ya kichaa ni hatari kwa mtaa mzima. Ila sema wazi kwamba sehemu ya faida ni yako, mume wako atakusikia vizuri zaidi.

Faida ya Malkia mwenyewe ipo. Kubwa ni kuepuka kizazi kujaa usaha. Uswidi, ambako majike wengi waliachwa bila kutolewa kizazi, karibu mmoja kati ya wanne alipata ugonjwa huo kabla ya kufikisha miaka 10. Huja wiki kadhaa baada ya joto, yaani kipindi cha jike kuvutia madume: mbwa hunywa maji kupita kawaida, hakuli, hutapika, pengine hutoa uchafu ukeni, pengine hapana. Tiba ya kawaida ni upasuaji uleule, sasa kwa mbwa mgonjwa na kwa gharama kubwa zaidi. Kuhusu saratani ya matiti, utafiti wa Marekani wa mwaka 1969 ulionyesha kinga kubwa kwa waliotolewa kizazi kabla ya joto la kwanza, ingawa mapitio ya karibuni yamesema ushahidi wenyewe si imara kama ulivyozoeleka kunukuliwa.

Kwa nini basi miezi 6? Kwa mbwa wadogo umri huo ni wa kawaida. Doberman ni mbwa mkubwa, mifupa yake bado inakua wakati huo, na majike wa aina hii wanajulikana kwa kuvuja mkojo usingizini baada ya kutolewa kizazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliochapisha mwaka 2020 matokeo ya aina 35 za mbwa, kwa Doberman jike walielekea kushauri kungoja mpaka apite miaka 2. Kuvuja mkojo kuna dawa, lakini ni ya kila siku, pengine maisha yote, na mbwa wa nje anayelowa hupata vidonda vya ngozi na nzi. Huenda kliniki ilikupa jibu la jumla. Rudi uulize mahsusi kuhusu Doberman.

Kungoja nako kuna kazi. Joto la kwanza kwa mbwa mkubwa linaweza kuja kati ya miezi 6 na mwaka au zaidi, hudumu wiki 3 hivi, na hurudi baada ya miezi 6 hadi 8. Hapa ndipo wengi hupata mimba wasiyoitaka: siku 9 hivi za mwanzo jike hutoa damu na kufukuza madume. Damu ikipauka, mwenye mbwa anashukuru Mungu yameisha na kufungua banda, na kumbe ndizo siku anazokubali kupandwa. Mfungie siku 21 kamili katika banda lenye paa na sakafu ya zege, kwa sababu madume hupanda ukuta na kuchimba. Ukishawishiwa sindano ya kuzuia joto, uliza maswali mengi. Dawa hizo za homoni zinaweza kuleta usaha wa kizazi na uvimbe wa matiti, yaleyale unayoyakimbia. Na upasuaji wenyewe usifanywe akiwa kwenye joto. Mishipa huwa imejaa damu, kwa hiyo hungojwa miezi 2 hadi 3. Baadaye punguza chakula kwa karibu robo, vinginevyo atanenepa.

Kauli ya mama mkwe ni ya wazee wengi, na imetoka kwa watu wanaoheshimu uzazi. Lakini hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba kuzaa mara moja humtuliza jike au kumpa afya. Kama familia inataka watoto wa Malkia kweli, hilo ni jambo la kuzungumzwa wazi, si la kupitishwa kwa jina la afya yake. Ni mimba ya siku 63 hivi, watoto wanaoweza kufika 8 au zaidi, chakula cha mama mara mbili hadi tatu, na vipimo vya damu na moyo kabla ya kupandwa, kwa kuwa kasoro zote mbili hurithiwa na Doberman anajulikana kwa ugonjwa wa moyo kutanuka. Mpe heshima yake, umwombe shemeji aseme nani atasimamia.

Limebaki lile la moja kwake, moja kwangu. Naelewa linavyovutia, linafanana na haki. Lakini katika mapatano hayo nyinyi wawili mnapata kila mmoja chake, na Malkia analipa mara mbili. Ningekuwa wewe, ningemwomba mume wangu jambo dogo zaidi ya kushinda: Jumamosi iahirishwe mpaka mwende wote wawili kwa daktari, yeye na maswali yake ya masikio, wewe na yako ya kizazi, na kipimo cha kuganda kwa damu kifanyike. Shemeji atasema muda unapita. Unapita kweli kwa anayetaka masikio yasimame. Kwa afya ya Malkia hakuna kinachoharibika mkingoja. Kubali pia kwamba baada ya kumsikia daktari huenda ni wewe utakayebadilisha mpango wako, na umwambie hivyo mapema.

Mkikaa kuzungumza, muulizane na jambo ambalo barua yako haikuligusa: ni nani hasa atakayebadilisha plasta kila wiki kwa miezi hiyo yote, na ni nani atakayesimamia banda lifungwe siku 21, mara mbili kwa mwaka, mpaka Malkia afikishe umri wa kutolewa kizazi? Mtajane kwa majina. Kisha niandikie mlichoamua, hata kama sicho ulichokitarajia.

Mshauri wako